Maneno ni yake, sauti si yake: kaseti ya marehemu maalim wetu

Bibi alisikiliza kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha akazivua hedifoni na kuziweka juu ya mkeka. "Maneno ni yake," alisema. "Sauti si yake."

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri, sebuleni kwa mjane wa marehemu maalim wetu, hapa Tanga. Sisi watatu tuliotumwa na kamati ya msikiti tulikuwa tumemchukulia zawadi ambayo tuliamini itampoza moyo: kaseti ya mumewe, iliyohamishiwa katika simu, ikiwa imekwisha kurekebishwa. Tulidhani atalia. Hakulia. Alituangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyeleta maji ya kunywa katika ndoo ya kufulia, akatuuliza kama tungependa kahawa.

Tuieleze kwanza kaseti yenyewe. Ni ya dakika 90, yaani dakika 45 kila upande, na ilirekodiwa usiku mmoja wa mwaka 1994 katika sebule ile ile. Umeme ulikuwa umekatika, jambo ambalo katika miaka ile halikumshangaza mtu, na redio kaseti ikawa inaendeshwa kwa mawe, kama tulivyozoea kuziita betri. Upande wa kwanza una darsa ya haki za jirani, na mwishoni mwake kasida moja aliyoitunga Maalim mwenyewe, akiitikiwa na wanafunzi wake kwa dufu. Maalim alifariki mwaka 2003, Allah amrehemu. Baadhi yetu katika kamati tulianza alifu mikononi mwake, na hatujui kuwapo kwa rekodi yake nyingine yoyote. Wajukuu zake waliozaliwa baada yake wanayo picha moja ya pasipoti, na kaseti hii.

Tulipoipiga kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kila mtu alitambua kuwa ina kasoro. Maalim alikuwa mtu wa sauti nene, mwenye kunena kwa utaratibu. Humo alisikika akiharakisha kama anayekimbilia basi, na sauti imekuwa nyembamba, ya kijana ambaye hajabalehe sawasawa. Mjukuu wake mmoja, kijana hodari anayefanya kazi katika studio ya kurekodi nyimbo mjini, alijitolea kuirekebisha. Akaiingiza katika kompyuta, akaifungua kwa programu iitwayo Audacity, akapunguza tempo kwa asilimia 10, akatuletea. Mwendo ukawa wa mtu mzima. Tulimshukuru, tukaisambaza nakala katika simu za waumini, na ustadhati wa madrasa akaanza kuwafundisha wasichana ile kasida kutoka katika nakala hiyo kwa ajili ya hafla ya mwisho wa mwaka. Wazee wawili walilalamika kuwa wasichana wanaimba juu mno, wanajipasua koo. Hatukuwasikiliza. Ikabidi atuzuie Bibi.

Kosa lile halikutokana na uvivu, wala na kutoijua kazi. Kijana anaijua programu yake vizuri kuliko tunavyoijua sisi daftari la michango. Kosa lilikuwa katika kuchagua moja kati ya amri mbili ambazo majina yake yanakaribiana na matendo yake yako mbalimbali. Na kwa kuwa familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina kaseti ya aina hii kabatini, ya baba, ya shangazi, au ya harusi iliyosahauliwa, tumeona ni haki tuieleze tofauti hiyo bila haraka.

Sauti ni mtikisiko. Koo la mwanamume mtu mzima anaponena hutikisika takriban mara 100 hadi 150 kwa sekunde, la mwanamke mara 200 hivi, na la mtoto zaidi ya hapo. Kadiri mitikisiko inavyokuwa mingi katika sekunde ndivyo sauti inavyokuwa nyembamba na ya juu. Hicho ndicho tutakachokiita kimo cha sauti. Utepe wa kaseti huibeba mitikisiko hiyo kwa kuipanga katika urefu wake, na mashine huisoma kwa kuuburuza utepe mbele ya kichwa chake kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukiuburuza haraka zaidi, mambo mawili hutokea kwa pamoja na hayatenganishiki: maneno yanafuatana upesi, na mitikisiko inabanana katika kila sekunde, hivyo kimo kinapanda. Hii ndiyo kasi. Katika kasi, mwendo na kimo ni ndugu wawili waliofungwa kwa kamba moja.

Watoto wetu wanawajua wale wanyama wadogo wa katuni za Kimarekani wanaoimba kwa sauti za kuchekesha. Asili yake ni mwaka 1958, pale mtunzi Ross Bagdasarian alipoimba polepole huku mashine ikirekodi kwa nusu ya kasi yake, kisha akaupiga utepe kwa kasi ya kawaida. Sauti ya mwanamume mzima ikatoka kama ya kindi. Alilolifanya yeye kwa makusudi na kwa faida ndilo lililofanywa na mawe ya redio sebuleni kwa Maalim bila ya kumwomba mtu ruhusa. Mawe yalipochoka, mota ilivuta utepe taratibu kuliko inavyopaswa. Mashine nzima ilipokuja kuupiga kwa kasi kamili, Maalim akakimbia, na sauti yake ikapanda.

Tempo ni jambo jingine. Kubadili tempo ni kuongeza au kupunguza mwendo wa maneno na mapigo huku kimo kikibaki pale pale kilipokuwa. Kwa mashine ya utepe peke yake hilo halikuwezekana, na wataalamu walihangaika nalo kwa miaka. Dennis Gabor, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, alieleza njia ya kulifanya mwaka 1946. Mwaka 1954 Grant Fairbanks na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mashine yenye vichwa vinavyozunguka, iliyokuwa ikiuonja utepe kipande baada ya kipande. Leo kompyuta ndogo ya nyumbani hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache.

Inavyofanya, kwa aliyewahi kuona mkeka ukishonwa, si vigumu kuelewa. Programu huikata sauti katika vipande vidogo sana, kila kimoja sehemu ndogo ya sekunde, mithili ya ukili. Ikitaka kurefusha, hurudia baadhi ya vipande. Ikitaka kufupisha, huacha baadhi. Kisha huvishona kwa kuvipandisha kingo, ikitafuta mahali ambapo mawimbi yanafanana ili mshono usionekane. Kwa kuwa ndani ya kila kipande mitikisiko haikuguswa, kimo hakibadiliki.

Katika studio za nyimbo hiyo ndiyo amri inayotumika kila siku, na tumeambiwa sababu yake. Mwimbaji amerekodi sauti yake kwa mapigo 90 kwa dakika, na mpiga ala ameleta kazi yake ina mapigo 96. Vitu hivyo viwili lazima viende pamoja, lakini hakuna anayetaka mwimbaji ageuke mtoto au zimwi. Basi tempo inasogezwa, kimo kinaachwa. Programu ya Ableton Live, iliyotoka mwaka 2001, ilipata umaarufu kwa kulifanya jambo hilo papo hapo wakati muziki unaendelea. Hata simu zetu zina ufundi huo: tangu mwaka 2021 WhatsApp inaruhusu ujumbe wa sauti usikilizwe kwa mwendo wa mara moja na nusu au mara mbili, na wengi wetu, tukiri, ndivyo tunavyosikiliza wakwe zetu.

Kwa hiyo mkono wa kijana wetu ulikwenda pale ulipozoea kwenda. Alisikia haraka, akapunguza haraka. Lakini kasoro ya kaseti ilikuwa imegusa vyote viwili, mwendo na kimo, na yeye alitibu kimoja. Akatupatia mtu mzima anayenena kwa koo la kijana. Programu ile ile ina amri ya pili, ya kubadili kasi, ambayo katika matoleo ya karibuni jina lake linataja kasi na kimo pamoja ili watu wasipotee. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Bibi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alikuwa ameitambua tofauti kwa dakika mbili.

Kujua amri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kiasi gani, na hapo ndipo tulipoanza kugombana.

Tulimwomba kijana aifungue upya kaseti ghafi, na kila mmoja wetu watatu akapewa nafasi ya kushusha kasi mpaka amsikie Maalim aliyemkumbuka. Mmoja alisimama kwenye asilimia 7. Mwingine alisema ni 10. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na marehemu, akashikilia kuwa si chini ya 14. Tulitazamana. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20, na ikaanza kuonekana kana kwamba kila mtu ana Maalim wake kichwani. Ilikuwa dhahiri kuwa kumbukumbu haitatufikisha, na kwamba kama tungepiga kura, kama tunavyofanya katika mambo ya zulia na feni, tungeitunga sauti ya marehemu badala ya kuirejesha.

Aliyetutoa ni Bibi tena. Wakati anapokea vikombe alikumbuka jambo alilolisikia katika zile dakika mbili. "Saa nayo mmeikimbiza," akasema, akaonyesha ukutani.

Saa hiyo ni ya timazi, ya mbao, aliyoirithi Maalim kwa baba yake, na Bibi huipa ufunguo kila Ijumaa asubuhi. Ilikuwa ukutani mwaka 1994, na redio kaseti ilikuwa mezani chini yake. Tulizivaa hedifoni kwa zamu, na kweli, kila Maalim anapovuta pumzi, chini kabisa, unasikia: ti, ta, ti, ta. Tulikuwa tumeisikia mara zote na hatukuijali.

Ikawa kazi ya hesabu. Tuliihesabu saa ukutani kwa simu mkononi: milio 120 kwa dakika, mlio mmoja kila nusu sekunde. Bibi alituambia kuwa siku hizi inachelewa kama dakika tano kwa siku. Tulilipima hilo nalo: dakika tano katika dakika 1,440 za siku ni kama theluthi moja ya asilimia moja, tofauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Kisha tukaihesabu ndani ya kaseti, mahali pa kimya pa mwanzo: milio 129 kwa dakika. Tukaihesabu katika kimya cha mwisho, baada ya kasida: 141.

Hapo tulielewa kwa nini hatukukubaliana. Wa kwanza wetu alikuwa amesikiliza mwanzo wa darsa, wa pili katikati, wa tatu kasida. Mawe hayakuwa yamechoka mara moja. Yalikuwa yakichoka usiku ule mzima, na kadiri yalivyochoka ndivyo utepe ulivyozidi kwenda taratibu, kutoka sentimita 4.4 hivi kwa sekunde hadi kidogo juu ya 4. Kila mmoja alikuwa amemkumbuka Maalim sawasawa, ila kila mmoja alikuwa mahali tofauti pa utepe. Tuliombana radhi, na aliyesema 14 akafurahi zaidi ya ilivyo adabu.

Msomaji atakayejaribu kazi hii nyumbani ajihadhari na mtego mmoja. Milio 141 ni zaidi ya 120 kwa asilimia 17.5. Mtu atasema basi nipunguze asilimia 17.5. Sivyo. Ukigawa 120 kwa 141 unapata 0.851, yaani punguzo la asilimia 14.9. Asilimia ya kupanda na ya kushuka hazilingani, kama mfanyabiashara yeyote aliyepandisha bei kisha akatoa punguzo anavyojua. Mwanzoni, ambako kasoro ni ndogo, tofauti ni ya 7.5 na 7, haidhuru sana. Mwishoni ingeidhuru kasida.

Kwa kuwa kasoro ilikuwa ikiongezeka, kupunguza kiasi kimoja kwa upande mzima kusingefaa. Audacity ina njia inayoitwa kwa maana yake utepe wa muda: mstari unaokaa juu ya rekodi yote, nawe unaukunja juu au chini kwa kuweka vituo, na kasi pamoja na kimo hufuata mkunjo huo. Kijana alitafuta mahali tisa ambapo saa inasikika vizuri, akapima nafasi kati ya mlio na mlio kwa kuikuza picha ya sauti katika kioo cha kompyuta. Mwanzoni nafasi ilikuwa sekunde 0.465, na mwishoni 0.426. Akaweka kituo katika kila mahali mpaka milio yote ikarudi kwenye nusu sekunde. Kazi hiyo ilimchukua usiku mbili. Upande uliokuwa wa dakika 45 ukawa wa dakika 50 na kidogo, na huo ndio muda ambao Maalim alikaa kweli akinena usiku ule.

Tulirudi kwa Bibi siku ya Alhamisi. Tulimsalimia, akaitikia, tukaketi pale pale, na safari hii kijana ndiye aliyemvisha bibi yake hedifoni. Alisikiliza darsa bila kusema neno. Dakika ya nne au ya tano hivi, Maalim anakatisha sentensi na kukohoa mara mbili, kikohozi kizito cha kifuani. Katika nakala ya kwanza kilisikika kama kitu kilichoanguka, na mmoja wetu alikuwa amependekeza kikatwe.

"Alikuwa na mafua wiki ile," alisema Bibi. "Nilimkataza asitoke."

Akaendelea kusikiliza mpaka mwisho, nasi tukanywa kahawa yetu taratibu, bila ya kuzungumza.

Ilibaki habari ya wasichana. Kasida katika nakala iliyosahihishwa ilishuka karibu vidato vitatu vya kinanda, ukihesabu vyeupe na vyeusi, na ikapoa kidogo zaidi ya walivyoizoea. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya hafla. Ustadhati, ambaye ana haki ya kutukasirikia na aliitumia haki hiyo, alituuliza watoto watajifunzaje upya kitu walichokwisha kukihifadhi kwa makosa.

Na hapa amri ya tempo, tuliyoisema vibaya mpaka sasa, ikapata kazi yake ya halali. Kutoka katika nakala sahihi kijana alitengeneza nyingine ya mazoezi, tempo ikiwa imepunguzwa kwa asilimia 15 na kimo kikiachwa. Wasichana wakamsikia Maalim katika kimo chake cha kweli, ila akiwasubiri. Walipoyashika maneno na mikunjo ya sauti wakapanda hadi pungufu ya 8, kisha wakaingia katika mwendo wenyewe. Kama tungewapunguzia kasi badala ya tempo, wangejifunza kuimba chini zaidi, na siku ya kurudi kwenye mwendo kamili wangelazimika kuhama kimo mara ya pili. Wale wazee wawili walihudhuria mazoezi ya mwisho. Mmoja alipiga dufu.

Tempo nayo ina mpaka wake. Katika asilimia 10 au 15, juu au chini, sikio la kawaida halitambui mishono. Kijana alitujaribishia nusu ya mwendo, na dufu likaharibika kabisa. Pigo moja likawa mawili, kama mtu aliyejikwaa. Sababu yake ni ule ukili tuliousema. Irabu ndefu ni wimbi linalojirudia lenyewe, na ukilirudia mara moja zaidi hakuna anayejua. Lakini pigo la dufu, na herufi kama k na t, ni tukio la mara moja. Likiangukia katika kipande kinachorudiwa, litasikika mara mbili. Programu nyingine hufuata njia tofauti, nazo badala ya kulirudia hulitandaza, likawa kama limepigwa chini ya blanketi.

Hilo linatupeleka kwenye swali ambalo wazazi wametuuliza zaidi ya mara moja: je, mtoto anayehifadhi juzuu apunguziwe kwa mashine mwendo wa msomaji wa Qur'ani ili amfuate? Hatutoi fatwa, wala si mahali petu. Tunasema tunalolijua kutokana na ufundi. Urefu wa madda utapanuka kwa uwiano, wa harakati mbili na wa sita vyote sawa, na kwa hilo hakuna hasara. Lakini herufi za qalqala, qaf, ta nzito, ba, jim na dal, zinategemea mdundo mfupi na mkali, na huo ndio mashine inaouharibu kwanza. Mtoto ataiga alichokisikia, pamoja na kasoro ya mashine, naye hatajua kuwa si ya msomaji. Isitoshe, katika elimu ya tajwidi mwendo si pambo la nje: kuna tahqiqi, tadwiri na hadri, na msomaji anapoteua mmoja hupima pumzi na herufi zake kwa huo.

Kwa anayehitaji mwendo wa kufundishia, ipo njia iliyo safi zaidi, nayo ni kumtafuta msomaji aliyesoma taratibu mwenyewe. Marehemu Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye rekodi yake ya msahafu mzima kwa murattal ya mwaka 1961 inajulikana ulimwenguni, aliacha pia rekodi ya kufundishia yenye utulivu mkubwa. Madrasa yetu imeichukua hiyo. Punguzo la asilimia chache katika simu ya mzazi hatukulipigia kelele. Nusu ya mwendo tumeiomba isitumike.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni makuu, na kwamba kasida ni kasida. Tunawakumbusha kuwa tatizo hili si letu peke yetu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Sahani za zama hizo huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini kwa kweli hazikuwa zote zimekatwa kwa kasi hiyo kamili, na kila anayezihamishia sahani za wakati ule katika kompyuta lazima aamue kasi gani ni ya kweli. Akikosea kidogo, wajukuu wa waliozisikia zikiwa mpya watairithi sauti ambayo haikuwa ya mwimbaji yeyote.

Kwa waliotuomba maelekezo ya kuhamisha kaseti zao, tutasema machache. Kisafisheni kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Uzungusheni utepe mpaka mwisho na kurudi kabla ya kuupiga, maana uliokaa miaka mingi hushikana. Waya utoke tundu la hedifoni uingie kwenye kompyuta, na rekodi ihifadhiwe kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bila kubanwa. Nakala hiyo ya kwanza msiiguse kamwe. Kila marekebisho yafanyike katika nakala nyingine, na jina la faili liseme kilichofanyika: kasi imeshushwa kiasi gani, tempo imebadilishwa au la. Sisi hatukufanya hivyo mwanzoni, na mpaka leo ile nakala mbaya inazunguka katika simu za watu ikiwa na jina la Maalim. Tunaomba aliye nayo aifute na achukue mpya katika ofisi ya msikiti, kila siku baada ya Maghribi. Hakuna malipo.

Upande wa pili wa kaseti bado hatujaumaliza. Umerekodiwa usiku ule ule, kwa mawe yale yale yakiwa yamechoka zaidi, na dakika chache baada ya kuanza mvua inanyesha juu ya mabati na saa haisikiki tena mpaka mwisho. Kijana alitaka kuukadiria kutokana na mwelekeo wa upande wa kwanza. Tulimwambia Bibi, akasema uachwe kwanza. Tumeuhifadhi kama ulivyo, na katika jina lake tumeandika: haijasahihishwa, mvua.